SIKU MOJA KANDO YA MTO
Familia sita za Dzaleka zilivyokwenda Lilongwe na watoto, na tuliyojifunza



Mwezi huu ukurasa wa familia hauzungumzi juu ya posho wala karatasi za ofisini. Tunataka kuwasimulia siku moja tu, Jumamosi moja ya mwezi wa nane, ambapo familia sita za hapa kambini tulitoka na watoto wetu kwenda kukaa kando ya mto, kula pamoja na kurudi jioni. Mtu anaweza kusema ni jambo dogo. Lakini tuliporudi tulisema, hapana, hili tuliandike, maana tulijifunza mambo ambayo familia nyingine pia zinaweza kuyatumia.

WAZO LILIVYOANZA

Lilianza na swali la mtoto. Dada mmoja jirani yetu alikuwa anasimulia alivyokulia Uvira, jinsi walivyokuwa wakitoka shuleni na kukimbilia ziwani bila hata kufika nyumbani. Mtoto wake wa miaka minane, aliyezaliwa hapa hapa, akasikiliza weee, halafu akauliza: "Mama, ziwa ni kama wakati bomba inapasuka?"

Watu tukacheka. Mama yake naye akacheka. Kesho yake akatuambia kwamba usiku ule usingizi ulikataa.

Na kweli, hebu tufikiri. Wengi wetu tumetoka kwenye maji. Uvira, Baraka, Kalemie, Bujumbura, Rumonge, hao wote ni watu wa Tanganyika. Wa Bukavu na Goma, pamoja na wa Gisenyi na Cyangugu, wana Kivu yao. Kati ya maziwa hayo mawili kuna mto Ruzizi. Wengine wetu tulijua kuogelea kabla ya kujua kusoma. Watoto wetu je? Wao wanajua maji ya foleni: ndoo, dumu, zamu, na ugomvi wa nani alitangulia. Kambi hii ilifunguliwa mwaka 1994 ikipangwa kwa watu kati ya 10,000 na 12,000. Leo tumezidi 50,000. Hapo mtoto atajifunzia wapi kwamba maji ni kitu cha kufurahia pia?

Basi tukasema, kabla hawajawa wakubwa, wauone mto. Ziwa Malawi ni zuri, lakini pwani ya Senga Bay kule Salima ni zaidi ya kilomita 100 kutoka Lilongwe, na nauli yake kwa sasa hatuiwezi. Lakini Lilongwe yenyewe ina mito. Hata jina la mji ni jina la mto. Na mto mwingine, Lingadzi, unapita katikati ya mji ndani ya pori dogo lililohifadhiwa, linaloitwa Lilongwe Wildlife Centre. Liko kando ya barabara ya Kenyatta, kati ya Old Town na City Centre. Unalipa kiingilio, unatembea, unakaa chini ya miti, jioni unarudi kwako. Hakuna kulala.

MAANDALIZI

Kwanza ruhusa. Tangu agizo la serikali la mwaka 2023, lililotaka wakimbizi waliokuwa wakiishi mijini na vijijini warudi Dzaleka, kila mtu anajua kwamba kusafiri bila karatasi ni kujitafutia matatizo. Kwa hiyo wiki mbili kabla tulipeleka orodha ya majina yote, wakubwa kwa wadogo, tukaandika siku, mahali, saa ya kutoka na saa ya kurudi. Papa mmoja kati yetu hakutaka kwenda kuomba. Alisema: "Ruhusa ya kwenda kula maharagi chini ya mti? Watatucheka." Hawakutucheka. Walituuliza tu kama gari ni la uhakika.

Pili pesa. Tulichanga kidogo kidogo kwa miezi mitatu. Mwenye kuuza mandasi alitoa pesa ya mandasi, mwenye cherehani alitoa ya cherehani. Familia moja haikuwa na kitu mwezi ule. Wao wakaleta sufuria kubwa na mikono ya kupika. Huo nao ni mchango, na tuliuandika kwenye daftari kama michango mingine.

Tatu chakula. Akina mama walipika usiku: maharagi, sombe, wali kidogo kwa ajili ya watoto, mandasi, na usipa wa kukaanga. Usipa ni samaki wadogo wa Ziwa Malawi. Watu wa Bujumbura na Uvira wakiwala hufumba macho na kusema ni ndagala. Si ndagala, ni samaki wengine kabisa, lakini mtu mwenye hamu ya kwao usimbishie.

Nne maji ya kunywa. Tulichemsha na kujaza madumu matatu. Msione ni kujisumbua. Mlipuko wa kipindupindu ulioanza Machi 2022 uliua watu zaidi ya 1,700 katika Malawi nzima. Mto unaupenda kwa macho, lakini hauunywi.

Tano, na hili ndilo tunalolisisitiza kuliko yote, ni hesabu ya watoto. Tulikuwa watoto 10 na watu wazima 6. Kila mtoto alipewa mwenzake wa kushikana naye mkono, na kila jozi ikapewa mtu mzima mmoja kwa jina. Huyo haruhusiwi kusema "nilidhani yuko na mama yake". Mtu mzima wa sita kazi yake ilikuwa moja tu: kuhesabu.

NJIANI

Tuliondoka saa kumi na mbili na nusu asubuhi, baridi ikiwa bado inauma. Dereva alisema "Tiyeni!" na watoto wote wakaitikia kama darasani. Tukaingia barabara kuu ya M1 kuelekea kusini, tukapita Mtengowanthenga, tukafika Lumbadzi.

Pale Lumbadzi, karibu na uwanja wa ndege wa Kamuzu, ndege ilipita chini chini ikienda kutua. Watoto wakabandika nyuso zao kwenye vioo. Mmoja akauliza: "Hiyo ndiyo ya kwenda Amerika?" Sisi wakubwa tulitazamana. Mnajua wenyewe swali hilo lina uzito gani kambini. Dereva ndiye aliyetuokoa, akasema hiyo inatua, haiendi popote. Watoto wakaridhika, tukaendelea hadi Kanengo na mjini.

MTONI

Langoni tulipokelewa vizuri. Kiongozi wa wageni alitupa masharti kabla hatujapiga hatua: tusitoke njiani, tusiwape tumbili chakula, tusiache takataka, na mtu yeyote asishuke kwenye maji, kwa sababu mto huo unaweza kuwa na mamba.

Watoto wakanywea. "Sasa tumekuja kuangalia tu?" Tukawaambia ndiyo, leo tunaangalia. Kusema kweli hata sisi wengine tulikuwa tumejiandaa kuchovya miguu.

Kwanza tulipitishwa kwa wanyama. Kituo hiki kinapokea wanyama waliookolewa: wengine walinaswa kwenye mitego, wengine walifungwa kamba majumbani, wengine mama zao waliuawa wakabaki yatima. Wanatibiwa, na wale wanaoweza hurudishwa porini, kwenye hifadhi kama ile ya Kasungu. Wale ambao hawawezi tena kujitafutia hubaki. Kijana wetu mmoja wa miaka kumi na mbili alisikiliza maelezo hayo yote, akauliza kwa Kichewa safi kabisa: "Kwa hiyo hawa ni wakimbizi?" Kiongozi alicheka, akasema inaweza kuwa hivyo. Kijana akauliza tena: "Na wanaorudishwa, wanaulizwa kama wanataka?" Hapo hata kiongozi hakuwa na jibu la haraka.

Kisha tukashuka njia ya miguu mpaka tukaona mto. Msitegemee tuwaambie ni mto mkubwa wa kutisha. Mwezi wa nane ni kiangazi, maji yalikuwa machache, ya kahawia, yakipita polepole kati ya mizizi na mawe. Lakini kulikuwa na kivuli, na miti mirefu, na ndege wanaoita kutoka ng'ambo. Tulisimama mbali kidogo na ukingo, tukanyamaza. Watoto kumi, na hakuna aliyepiga kelele. Yule mtoto wa swali la bomba alikaa muda mrefu, halafu akasema: "Mama, kumbe yanatembea yenyewe. Nani anayafungulia?"

MAMA ALIYEGEUZA MGONGO

Tulionyeshwa mahali pa kukaa, tukatandika vitenge, tukafungua masufuria. Hapo ndipo watoto walipoona jambo ambalo sisi wakubwa tulijifanya hatulioni. Mama mmoja mzee wa kundi letu, mtu wa Baraka, alikuwa amekaa akiupa mto mgongo. Mjukuu wake akamwambia: "Koko, geuka, huku ndiko kuna maji."

Mama yule hakukasirika. Aliweka sahani chini akawaeleza kwa maneno machache, na ameturuhusu tuyaandike bila jina lake. Mwaka 1996, vita ilipofika kwao, walivuka Tanganyika usiku kuelekea Kigoma. Mitumbwi ilikuwa miwili. Mtumbwi wake ulifika. Ule wa mdogo wake haukufika. Tangu siku hiyo hakukaa tena akitazama maji, na safari hii alikuja tu kwa sababu mjukuu alimlilia wiki nzima.

Tukadhani chakula kimeharibika. Lakini mtoto ni mtoto. Mjukuu akauliza: "Sasa ziwa hilo liko wapi? Mto huu unaenda huko?"

Mama akachukua kijiti, akachora kwenye vumbi. Akachora Tanganyika, ndefu na nyembamba kama ganda la ndizi, akaweka alama: hapa Baraka, hapa Uvira, hapa Bujumbura, ng'ambo Kigoma. Kijana wetu mmoja ambaye anafundisha akasogea, akaongezea. Lingadzi hii, alisema, inaingia mto Lilongwe; Lilongwe inaingia Linthipe; Linthipe inaingia Ziwa Malawi. Ziwa Malawi linatoka kwa mto Shire, Shire inaingia Zambezi, na Zambezi inaishia Bahari ya Hindi. Lakini Tanganyika inatokea upande mwingine, pale Kalemie, kwa mto Lukuga. Lukuga inaingia Lualaba, ndiyo mto Kongo wenyewe, mpaka Bahari ya Atlantiki.

"Basi hayakutani?" mjukuu akauliza.

"Hayakutani huku barani," mwalimu akasema. "Labda baharini, mbali sana."

Akawaambia pia kwamba Tanganyika ina kina cha karibu mita 1,470, zaidi ya mara mbili ya Ziwa Malawi. Watoto wa Kikongo na wa Kirundi wakajisikia sana hapo, kama vile wao ndio walioichimba.

Tangu pale mama yule akawa ndiye mwalimu wa siku. Kumbe katika sisi wote hakuna aliyejua maji kama yeye. Baba yake alikuwa mvuvi. Aliwasimamisha watoto mstari, akachukua dumu letu moja lililokwisha maji, akalifunga kifuniko, akauliza: "Mwenzako ameanguka majini. Unafanya nini?" Wote kwa sauti moja: "Ninaruka kumtoa!" Akasema: "Basi tunazika wawili."

Akawafundisha. Kwanza piga kelele, ita mtu mzima. Pili usiingie majini. Mrushie kitu kinachoelea: dumu tupu lililofungwa vizuri linaweza kumshikilia mtu. Au mnyoshee fimbo ndefu, au kitenge kilichosokotwa, wewe ukiwa umelala kifudifudi ukingoni ili asikuvute. Wakafanya mazoezi pale kwenye nyasi, mmoja anazama, mwenzake anamrushia dumu. Walicheka mpaka machozi, lakini waliyashika. Jioni ndani ya gari tuliwauliza, kila mmoja alijibu sawa.

LUMBADZI, WAKATI WA KURUDI

Tulitoka Lilongwe saa nane na nusu ili tusivunje saa tuliyoandika. Tulipofika Lumbadzi tulikuwa mbele ya wakati, dereva akasimamisha gari pembeni pa usalama, tukateremka kwa miguu kuuona mto Lumbadzi. Maji yalikuwa haba. Akina mama wa pale walikuwa wanafua, wakatusalimia, tukaitikia.

Watoto walitengeneza mashua za majani na mabua ya mahindi. Mwalimu na papa mmoja wakasimama juu ya jiwe kavu wakaziachia moja moja, watoto wakiwa nyuma na jozi zao. Kila mashua ilikuwa na jina la mtu: bibi, shangazi, rafiki aliyeondoka. Hatukuwaambia wafanye hivyo.

Mama wa Baraka alikuwa amebaki juu karibu na gari. Tulidhani hatashuka. Halafu tukamwona anateremka taratibu, mjukuu amemshika mkono. Alifika kwenye lile jiwe, akasimama akiuangalia mto. Alikaa hivyo kama dakika tano. Mjukuu akampa mashua yake, yeye akachuchumaa akaiachia. Ilikwama kwenye jiwe, ikazunguka, ikaendelea. Hakusema kitu, na sisi hatukumuuliza.

Aliyehesabu akahesabu: kumi na sita. Tulifika kambini saa kumi na moja kasoro.

MAMBO YA KUKUMBUKA KWA FAMILIA ZITAKAZOKWENDA

Kichocho. Msishangae kwamba tulikataza watoto kuingia hata maji ya magotini. Ugonjwa wa kichocho upo kwenye maji mengi ya Malawi, mitoni na kwenye kingo za ziwa. Vijidudu hutoka kwa konokono wadogo wa majini na huingia kupitia ngozi kwa dakika chache tu, bila kidonda na bila mtu kuhisi. Baada ya wiki au miezi mtoto anaweza kukojoa damu. Kama mtoto wako aliwahi kuingia mtoni au ziwani na sasa anakojoa damu, usimpige wala usimfiche, mpeleke kliniki. Dawa ipo, inaitwa prazikwanteli. Na kama ni lazima kuoga maji ya mto, yachoteni na kuyaacha kwenye ndoo safi siku nzima au zaidi bila kuyagusa, au yapasheni moto kwanza. Hiyo ni kwa kuoga. Ya kunywa, chemsheni.

Kuzama. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba mwaka 2021 watu wapatao 300,000 walikufa maji duniani, na karibu robo yao walikuwa watoto wa chini ya miaka mitano. Mtoto anayezama mara nyingi hapigi kelele. Kwa hiyo karibu na maji simu iwekwe mfukoni.

Mamba. Msikilizeni mwenyeji. Akisema hapa hapashukwi, hapashukwi, hata kama maji yanaonekana matulivu.

Takataka. Tulikwenda na mfuko mmoja mtupu, tukarudi nao umejaa. Watu wa mjini wanatuangalia. Tusiwape la kusema.

Ulizeni kwanza. Kabla ya kuchanga pesa, ulizeni siku za kufunguliwa na kiingilio cha wakati huo, na kama kuna bei ya kundi la watoto.

Kuna wazazi waliotuuliza: "Pesa hiyo si mngenunua unga?" Ni swali la haki, na sisi wenyewe tuliulizana. Jibu letu ni kwamba unga tulinunua pia, na tulichanga miezi mitatu ili unga usiguswe. Kila familia ipime yenyewe. Asiyeweza kwenda mbali anaweza kukaa na watoto jioni, akachora ziwa la kwao kwenye vumbi, na kuwafundisha kurusha dumu. Hiyo haina kiingilio.

Jumatatu yake tulipita kwenye bomba. Yule mtoto wa miaka minane alikuwa kwenye foleni na ndoo yake, amezungukwa na wenzake. Alikuwa amechora chini kitu kirefu kama ganda la ndizi, anawaeleza: "Hapa ni Uvira. Hapa mama yangu alikuwa anaogelea." Foleni ilisogea bila yeye kujua, wakamruka watu watatu.

Wenye hadithi za mito na maziwa ya kwenu, tuleteeni. Toleo lijalo tutaweka nafasi. Na mama wa Baraka amesema yuko tayari kurudia somo la dumu kwa watoto wa mtaa wowote utakaomwita. Ukitaka akutembelee, acha ujumbe kwa wahariri. Anachohitaji ni kivuli na dumu moja tupu.